Kasuku Anayejinyonyoa

Leo tutamzungumzia kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege wa msitu wetu wa Ituri, huku mashariki mwa Kongo, ambaye amejaa pia katika nyumba za watu. Namfikiria hasa yule ambaye mgeni akiingia uani humtazama mara moja, kisha hugeuza macho: kifua kitupu, ngozi imebaki ya waridi yenye vipele, mapaja hayana kitu, na chini ya tundu manyoya yametapakaa. Lakini kichwa kimevaa manyoya yake yote, safi, yamejipanga.

Tuanze na hicho kichwa, maana ndicho kinachotoa ushahidi. Mdomo wa kasuku unafika kifuani, mgongoni, kwenye mabawa, kwenye mapaja, hata mkiani. Kichwani haufiki. Basi mwili ukiwa mtupu na kichwa kizima, anayenyonyoa ni yeye mwenyewe. Kichwa nacho kikiwa na upara, tafuta sababu nyingine: huenda ni kasuku mwenzake anayemchuna, huenda ni wadudu wa ngozi, au ni kile kirusi kinachoharibu manyoya na mdomo wa jamii ya kasuku. Hapo usipoteze muda, mwite daktari wa mifugo. Hata kwa yule anayejinyonyoa mwenyewe, daktari ndiye mtu wa kwanza, kwa sababu ndege anayewashwa na ngozi au anayeumwa ini atajichuna pia, na huwezi kumbembeleza ndege aache kuumwa. Na kila ukisafisha tundu, nawa mikono. Kasuku ana ugonjwa wa kifua anaoweza kumwambukiza mtu.

Daktari akishasema mwili ni mzima, ndipo tunafika kwenye jambo ninalotaka tulizungumze. Kule porini, iwe Epulu ndani ya Hifadhi ya Okapi au ng'ambo ya Nia-Nia, kujinyonyoa namna hii karibu hakuonekani kabisa. Kasuku wa msituni huamka na kundi lake, huruka mbali kutafuta matunda, hushinda akipasua makokwa na kutafuna magome, jioni hurudi kulala pamoja na wenzake kwa makelele makubwa. Hana nafasi ya kukaa akijitazama kifua. Kujichuna ni maradhi ya kifungo.

Tena wengi wa ndege hawa hawakuzaliwa mikononi mwa watu. Wametolewa msituni, upande wa Tshopo, wa Maniema, na huku kwetu. Mtegaji hupanda mti mrefu akachomoa vifaranga shimoni mwao, au hupaka matawi ulimbo, akamfunga kasuku mwingine pale awe chambo wa kuita. Kundi likisikia sauti ya mwenzao linashuka, linanasa. Kisha mabawa yanakatwa, ndege wanasongwa pamoja, safari inaanza. Wengi hufa kabla ya kumwona mnunuzi.

Ukitaka kujua kidogo habari za kasuku wako, mtazame jicho. Kifaranga ana jicho jeusi. Akikua, ule mviringo unaozunguka mboni hugeuka kijivu, baadaye manjano hafifu. Aliyefika kwako na jicho la manjano alikuwa amekwisha komaa, na huenda alikuwa na mwenzi wake, kwa maana ndege hawa hushikamana wawili wawili kwa miaka. Na mkono wa kwanza wa binadamu alioujua ni ule uliombandua kwenye ulimbo. Sasa wewe unafungua tundu, unaingiza mkono, unasema, "Njoo, baba, usiogope." Maneno yako hayajui. Mkono anaujua.

Shangazi yangu anaye mmoja pale Mudzipela, hapa mjini Bunia. Hakumnunua. Mpangaji wake alihama akaacha tundu barazani na ndege ndani yake. Alikuwa amejichuna kuanzia shingoni hadi tumboni. Ukimkaribia, manyoya machache yaliyobaki yalilala bapa mwilini, shingo ikarefuka, akahema mdomo wazi, halafu akatoa ule mngurumo wa kasuku wa kijivu anayeogopa. Asiyeujua hushtuka, hawezi kuamini kwamba sauti ile inatoka kwa ndege mwenye uzito usiofika nusu kilo. Watoto wa jirani waliupenda sana, wakawa wanakuja kumchokoza wausikie. Shangazi aliwafukuza kwanza hao. Sijaona dawa iliyomfaa yule ndege kuliko hiyo.

Halafu alihamisha tundu. Barazani palikuwa njia ya watu, mbwa, pikipiki na mwangwi wa kila kitu. Alilipeleka kwenye pembe ya sebule, ukuta nyuma, ukuta ubavuni, ili yule ndege ajue kwamba adui hatatokea pande zote. Dirisha karibu, mwanga upo, lakini jua la mchana halimpigi bila kivuli. Mbali na jikoni. Hili nalisisitiza kwa sababu nyumba zetu nyingi tunapika kwa makaa, na mapafu ya ndege ni dhaifu kwa moshi kuliko ya kwetu. Chumba kinachokuumiza macho wewe kinaweza kumuua yeye.

Kisha akaanza kukaa naye. Alichukua kigoda kifupi, akakiweka mbali na tundu, akakaa ubavu, akawa anamenya karanga zake za chakula cha jioni bila kumtazama. Kigoda kifupi kina maana. Kasuku ni ndege anayewindwa na tai, na kitu kinachomjia kutoka juu ni kifo. Ukiwa chini ya macho yake, anapumua. Kukaa ubavu nako kuna maana: kiumbe anayekukodolea macho yote mawili usoni, kwa kasuku, ni mwindaji. Shangazi alikuwa akizungumza polepole, mambo yake ya kawaida, bei ya muhogo, mgonjwa wa jirani, nani kaoa. Kila siku kigoda kilisogea kidogo.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Manyoya ya yule ndege yalipolala bapa, yaani hofu ilipomwingia, shangazi alirudisha kigoda nyuma. Hakusema "atazoea tu." Hakungoja apige kelele. Ndege alisema hapana kwa mwili, shangazi akatii. Naamini jambo lote la kumfanya kasuku mwoga akuamini limo humo. Kiumbe huyu tangu anaswe hajawahi kusema hapana ikasikilizwa. Alikataa kwenye ulimbo, akabanduliwa. Alikataa kukatwa bawa, likakatwa. Alikataa mkono, mkono ukamfuata hadi pembeni mwa tundu. Kitu pekee kilichobaki chini ya amri yake ni manyoya yake. Siku anayogundua kwamba akikataa unarudi nyuma, anapata kitu kipya cha kuamrisha, na kidogo kidogo hana haja ya kukimbia tena.

Kwa hiyo kujifunza kumsoma ni kazi ya kwanza, kabla ya kazi ya mikono. Manyoya bapa na shingo ndefu ni hofu. Mboni inayopanuka na kubana haraka haraka ni moyo uliochemka, iwe kwa furaha au kwa hasira, na kidole chako kisiwe karibu mpaka ujue ni ipi. Mguu mmoja umekunjwa, manyoya yamelegea kidogo, anasaga mdomo kwa sauti ya taratibu: huyo ametulia na anataka kulala. Akiinamisha kichwa na kufumua manyoya ya kisogo mbele yako, anakuomba umkune, na hiyo ni heshima kubwa kutoka kwa ndege wa aina hii.

Siku alipoipokea karanga ya kwanza nilikuwepo. Shangazi aliishika mwishoni mwa vidole, akaipitisha kwenye nafasi ya nyaya, akageuza uso upande mwingine. Ndege alikuja kwa mwendo wa kutambaa kwenye kijiti, hatua moja mbele, nusu nyuma. Akanyoosha shingo mpaka ule upara wote ukaonekana, akagusa karanga kwa ulimi. Ulimi wa kasuku ni mweusi, mnene, na anautumia kupapasa kitu kabla ya kukiamini. Akaivuta. Papo hapo akaiangusha na kurudi pembeni. Mimi nilikuwa nataka kupiga makofi. Shangazi alinizuia kwa jicho tu, akachukua karanga nyingine, akaanza kuimenya.

Baada ya nyaya kuna kiganja, mlango ukiwa wazi. Kiganja kinakaa mlangoni, karanga juu yake, kiganja hakifuati. Ndege akija, sawa; asipokuja, unafunga mlango kwa upole na chakula chake cha kawaida anakipata vilevile. Usimshindishe njaa ili aje kwako, huo ni mtego mwingine. Baadaye unamletea mkono usawa wa tumbo, unangoja apande mwenyewe. Anayeogopa mkono mpe kijiti kwanza. Usivae glavu nene, na usimfunike kitambaa ukamkamata, isipokuwa daktari anamhitaji, na hapo ujue umerudi nyuma na itabidi uanze tena na kigoda. Watu huniuliza itachukua muda gani. Kwa aliyezaliwa tunduni, labda majuma. Kwa aliyetoka kwenye ulimbo, miezi, na wengine huchukua mwaka na zaidi. Wapo watakaokubali kula kiganjani maisha yao yote na wasikubali kamwe kuguswa. Huyo naye amekuamini, kwa kiasi chake.

Mji huu wa Bunia unaijua hofu ya aina hiyo. Waliopitia vita vya Mei 2003 hapa, na wanaoishi leo kambi ya Kigonze baada ya kuikimbia Djugu, wanajua jinsi mwili unavyobaki macho hata hatari ikishapita, jinsi mlango ukigongwa kwa nguvu mtu anavyosimama kabla hajafikiri. Sisemi kwamba ndege na mtu ni sawa. Nasema tunao ujuzi wa jambo hili, tuutumie. Usiku milio ya risasi ikisikika, kasuku hurukaruka gizani akajigonga kwenye nyaya, akajivunja manyoya ya bawa hadi damu. Mwachie mwanga mdogo. Funika tundu pande tatu, acha mmoja. Mwite kwa sauti ile ile ya kila siku bila kumkimbilia. Na usiku wa kawaida apate giza na utulivu kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Televisheni ya saa nne usiku inamdhuru.

Sasa chakula, maana imani peke yake haioteshi unyoya. Kasuku wengi hapa wanalishwa mahindi na karanga, basi. Chakula hicho kina upungufu wa vitamini A na wa kalisi, na kasuku wa kijivu hasa akikosa kalisi hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hupata kifafa. Ngozi nayo hukauka ikawasha. Bahati yetu ni kwamba chakula chake cha asili tunacho: ngazi, matunda ya mchikichi yenyewe, jinsi yalivyo na nyama yake nyekundu, yana vitamini A tele, na msituni anayapenda kweli. Mpe hizo, mpe papai, karoti, lengalenga, mapera. Ganda la yai lililochemshwa na kusagwa linampa kalisi, na jua la asubuhi linamsaidia kuitumia. Karanga iwe zawadi tu, na iwe nzima, maana karanga yenye ukungu ina sumu inayoua ini. Avoka, hapana kabisa. Najua kila uwanja hapa una mti wake na watoto hupenda kugawana na ndege, lakini avoka ni sumu kwa kasuku. Kahawa, chokoleti, pombe na vyakula vya chumvi, vivyo hivyo.

Wapo wanaompaka mawese kifuani wakidhani ngozi italainika. Mafuta hugandamiza manyoya yaliyobaki, ndege hupoteza joto, na usiku wa Bunia, juu ya mita 1,200, una baridi. Wengine humpaka pilipili ili achukie kujichuna. Mdomo wa ndege hausikii ukali wa pilipili kama wetu. Kasuku huila kama tunda. Anachohitaji ni maji. Huyu ni ndege wa msitu wa mvua, na wakati wa kiangazi vumbi la barabara zetu linamkausha. Mnyunyizie maji safi ya vuguvugu kama manyunyu, asubuhi, ili akauke kabla ya jioni. Akipona vizuri utaona jambo: akijikung'uta, unga mweupe unatoka kwenye manyoya na kubaki kwenye nguo yako. Huo ni unga wake wa kutunzia manyoya, ni dalili njema.

Na mpe kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba kasuku wachanga wa jamii ya Amazoni waliopewa chakula cha kutafuta na vitu vya kutafuna na kupanda walijichuna kidogo kuliko wale waliowekwa kwenye tundu tupu, na wale wa tundu tupu walipopewa vitu hivyo, manyoya yao yalianza kuwa mazuri. Hakuna gharama hapo. Funga ngazi ndani ya jani la mgomba. Mpe gunzi na maganda yake. Mpe matawi ya mpera yenye magome, ayachane. Kila dakika anayochana gome ni dakika ambayo hachani kifua.

Msimdharau akili. Kasuku aliyeitwa Alex, wa aina hii hii, alinunuliwa katika duka la wanyama huko Chicago mwaka 1977 na mwanasayansi Irene Pepperberg. Kabla ya kufa mwaka 2007 alikuwa anataja majina ya vitu kama 50, rangi saba, na anahesabu hadi sita. Na mwaka 2020 watafiti Désirée Brucks na Auguste von Bayern walichapisha jaribio ambamo kasuku wa kijivu walimpitishia mwenzao kwenye chumba cha pili vipande vya kubadilishia chakula, ilhali wao wenyewe hawakuambulia chochote. Mimi habari hiyo ilinigusa sana. Huyo anayempa jirani yake ndiye tunayemweka peke yake barazani kwa miaka, kisha tunashangaa anajichuna.

Hapo msikilizaji ataniambia: basi nimnunulie mwenzi. Ndugu yangu, mama yangu, nakuomba, hapana. Atakayekuletea mwenzi atamtoa kwenye ulimbo. Mwezi wa Oktoba 2016 nchi zilizokutana Johannesburg katika mkataba wa CITES zilimpandisha kasuku wa kijivu kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku. Sababu inaonekana Ghana: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba tangu 1992 kasuku hawa walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Nchi iliyokuwa na makundi ya kuziba anga inatafuta ndege mmoja mmoja. Ituri bado tunao. Akija mtu mlangoni na kasuku kwenye kikapu, usimnunue hata kwa huruma, kwa sababu fedha ya huruma na fedha ya tamaa zinamrudisha mtegaji msituni vilevile. Ipashe habari ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi.

Wala usimfungulie wako ukasema umemrudishia uhuru. Mwenye mabawa yaliyokatwa, asiye na kundi, asiyejua tena chakula kiko wapi, ataliwa na paka kabla ya jioni. Kuwarudisha kunafanywa na vituo vyenye ujuzi, kama Lwiro kule Kivu ya Kusini, kwa matayarisho marefu. Tena si kila ndege atafaa. Na si kila kifua kitaota. Aliyejichuna miaka mingi huharibu mashina ya manyoya, na pale hapaoti tena. Wa shangazi ameota manyoya laini ya kijivu kifuani. Paja la kushoto limebaki tupu, na daktari anaona litabaki hivyo. Wiki zenye milio ya risasi hujichuna tena kidogo. Shangazi hamkaripii, kwa sababu ukimkimbilia kila anapojichuna anajifunza kwamba hiyo ndiyo njia ya kukuita.

Liko jambo moja familia nyingi hazilifikirii. Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri huishi miaka 40 na zaidi. Shangazi ana miaka 68. Ndege akimwamini mtu mmoja, haimaanishi kwamba anawaamini na wengine wa nyumba ile. Kila mmoja huanza mwanzo. Kwa hiyo mwaka huu shangazi amemwita mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, msichana mtulivu, akamkabidhi kile kigoda. Kwa sasa kiko mbali na tundu, karibu na mlango wa sebule. Binti anakaa ubavu, anafanya hesabu zake za shule kwa sauti, na ameambiwa asisogee mpaka manyoya ya ndege yalegee.